Darasa la awali halina fungu lake

Katika shule nyingi za msingi za umma huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, darasa la awali lipo kwenye rejesta na lipo kwenye ratiba, ila ukifungua mpango wa matumizi wa shule hulioni. Hapo ndipo shida yake inapoanzia, kabla hujamlaumu mwalimu wala mzazi.

Tupige hesabu. Kiwango cha ruzuku ya uendeshaji kilichowekwa ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 hubaki serikalini kwa ajili ya vitabu na 6,000 huingia kwenye akaunti ya shule. Shule ya wanafunzi 500 inapata shilingi 3,000,000 kwa mwaka, yaani 250,000 kwa mwezi. Humo mna chaki, matengenezo, mitihani, michezo na karatasi za ofisi. Kamati ya shule ikikaa kugawa, darasa la nne na la saba yana mtihani wa taifa na matokeo yake huulizwa hadi wilayani. Awali haina mtihani wa taifa. Mwalimu wake hupima kwa kumtazama mtoto na kujaza maendeleo yake, na hakuna mkutano unaoitishwa kwa sababu ya daftari lile. Basi awali hupata kinachobaki, na mara nyingi hakibaki kitu.

Kalenda nayo inaumiza. Mwaka wa fedha huanza Julai, wa masomo Januari. Uandikishaji hufunguliwa Oktoba na takwimu za shule hukusanywa Machi. Mzazi wa Rungwe au Busokelo anayesubiri mvua ipungue ndipo amlete mtoto Mei, mtoto wake anakaa darasani bila kuhesabiwa popote. Na wapo wadogo wa miaka mitatu na minne wanaokuja na dada zao kwa sababu nyumbani hakuna wa kubaki nao. Mwalimu hawafukuzi, na hafai kuwafukuza, lakini aandike majina yao kwenye orodha ya pembeni. Bila orodha hiyo, akiomba mikeka ya watoto 90 ataambiwa rejesta inasema 60.

Sera inataka mwalimu mmoja kwa watoto 25. Penye 60 au 90, kona za ujifunzaji, yaani sehemu za darasa zilizowekewa vifaa vya kujifunzia kwa vitendo, haziwezi kutumika kama zilivyoandikwa, kwa hiyo inabidi kugawa: makundi ya watoto sita, nusu ya makundi ndani kwenye kona, nusu nje na msaidizi, wabadilishane kila dakika 20. Hapo vifaa ndivyo vinavyoamua. Kuhesabu hadi 20 kunahitaji vizibo vya soda 20 kwa kila mtoto. Watoto 60, nusu wakiwa ndani, ni vizibo 600. Vinapatikana bure kwenye hoteli na vilabu, ila vioshwe kwa sabuni na kingo zake zigongwe kwa nyundo zilale, maana kizibo kibichi kinakata kidole. Vikiwa vichache, mtoto mmoja anahesabu na watano wanamwangalia, na mwalimu anarudi ubaoni kukaririsha. Ndiyo maana unamkuta mtoto wa darasa la kwanza anaimba moja hadi ishirini bila kukosea, lakini ukimwambia akupe vizibo saba anakupa gao zima.

Uji ni jambo jingine, na kwangu ndilo la kwanza. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta udumavu Iringa kwa asilimia 56.9 ya watoto chini ya miaka mitano, katika mkoa unaolisha wengine mahindi. Halmashauri hutakiwa kutenga shilingi 1,000 za lishe kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Akitimiza mitano anatoka kwenye hesabu hiyo, na mwaka huohuo ndio anaingia awali. Anaondoka nyumbani kwenye baridi ya Julai bila kula, na saa nne amelala juu ya mkeka.

Kikombe kimoja cha uji kinahitaji unga gramu 50 hivi. Watoto 60 ni kilo 3 kwa maji lita 18. Kwa siku 194 za masomo ni kilo 582, karibu magunia sita ya kilo 100. Kila mzazi akileta kilo 10 za mahindi baada ya mavuno, yakasagwa dona, mwaka unaisha bila mtu kudaiwa tena. Kinachokwamisha mara nyingi ni sukari, kwa sababu hiyo hainunuliwi kwa mahindi. Weka karanga za kusaga gramu 10 kwa kila mtoto, au maziwa pale Rungwe ambako ng'ombe wapo. Mahindi yenye ukungu yakataliwe mlangoni, hata kama ni ya mwenyekiti. Punje iliyokauka inavunjika kwa kishindo ukiing'ata, isiyokauka inabonyea.

Makubaliano haya yapitie mkutano wa kijiji na kuandikwa kwenye muhtasari, mahindi yapokelewe na kamati, na mtoto asiyeletewa asinyimwe kikombe wala asirudishwe nyumbani.

Choo: tundu la wakubwa linamtisha mtoto wa miaka mitano, naye anajisaidia pembeni. Tundu moja dogo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25 ndiyo hesabu.

Na lugha. Mtoto aliyezoea kusalimiwa "kamwene" kwa Kihehe au "ugonile" kwa Kinyakyusa hawezi kufuata maelekezo ya Kiswahili wiki ya kwanza. Nyimbo na vitendo kwa miezi miwili kabla ya herufi si kupoteza muda.

Kwa mjumbe wa kamati, wakati wa kusema ni Oktoba na Novemba, vijiji vinapopanga vipaumbele vya bajeti. Omba mstari mmoja ulioandikwa "darasa la awali", hata ukianza na shilingi 15,000 kwa mwezi kutoka kwenye zile 250,000. Ni 180,000 kwa mwaka: mikeka, sabuni, karatasi za manila, kalamu za rangi, na bawaba za mlango wa choo kidogo.