Simu ya mtumba ya Marekani na 4G inayopotea ukiingia ndani

Simu ya mtumba inayouzwa Darajani, Unguja, ilishachaguliwa mtandao zamani. Aliyechagua si mwenye duka, ni kiwanda, nacho kilimsikiliza mnunuzi wake mkubwa: kampuni ya simu ya huko ilikotoka.

Marekani watu wengi huchukua simu kwa kampuni za simu na kulipa mwezi kwa mwezi. Anayeagiza mamilioni ya simu ndiye anayesema iwekwe bendi gani, yaani masafa gani ya mtandao, ipimwe vipi na ifungwe kwa laini yake mpaka lini. iPhone ya kwanza, mwaka 2007, ilipewa kampuni ya AT&T peke yake Marekani, ikiwa na GSM na EDGE, mitandao ya 2G, bila ya 3G, maana chipu za 3G za wakati ule zilikuwa zinamaliza chaji. Verizon, kampuni nyingine ya huko, waliokuwa wakitumia CDMA, mfumo tofauti na GSM usiohitaji kadi ya laini, walisubiri hadi Februari 2011, na iPhone 4 waliyotengenezewa haikuwa hata na tundu la laini. Ukiletewa ile Unguja, labda uitumie kwa Wi-Fi tu. Oktoba ya mwaka huo huo iPhone 4S ikaja na GSM na CDMA pamoja.

Kwa nini wasiweke bendi zote wakamaliza? Kwa sababu kila bendi inataka kichujio chake na njia yake ya kufika kwenye antena, na vyote hivyo ni pesa na nafasi. Simu ya bei kubwa hubeba bendi nyingi. Ya bei nafuu huwekewa zile zinazotakiwa kule inakokwenda, basi.

Kwetu 4G hupita zaidi kwenye masafa ya 1800 MHz, yaani bendi 3, na 800 na 700, bendi 20 na 28. Wamarekani wanategemea bendi 2, 4, 12, 13 na 66. Sasa chukua simu nafuu ya kule yenye bendi 3 lakini isiyo na 20 wala 28. Barabarani Mlandege inasoma 4G vizuri. Ingia nyumba ya Mji Mkongwe yenye ukuta wa mawe na chokaa, unene wake kiasi cha nusu mita: 1800 inafifia, 800 ingepenya zaidi, lakini simu haina sikio la 800. Inashuka 3G, au E, yaani EDGE. Fundi hata aiflashi, yaani aiwekee programu upya, mara ngapi, kichujio ambacho hakimo hakiletwi na programu.

VoLTE, yaani kupiga simu kwa kupitia 4G yenyewe, ni jambo jingine. Bendi zinaweza kuwamo zote, lakini kama kiwanda hakikuweka mipangilio ya mtandao wako, ukipiga simu inarudi 3G au 2G na intaneti inapungua kasi au kukatika mpaka ukate.

Kabla hujatoa pesa, piga *#06# upate IMEI, namba ya utambulisho wa simu, uitume kwa ujumbe kwenda 15090. TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilizima simu bandia Juni 2016, hivyo usiidharau hatua hii. Kisha soma namba ya modeli. Kwa Samsung, inayoishia na U ilitengenezewa kampuni za Marekani. U1 ni ya huko huko lakini haikufungwa. Kwa iPhone, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya maelezo ya simu, paandikwe No SIM restrictions, maana yake haikufungwa kwa laini ya kampuni yoyote. Pakiandikwa jingine, muuzaji atakutolea kile kikadi chembamba cha kuweka chini ya laini. Kinaweza kuacha kufanya kazi siku utakaposasisha programu. Mie sikishauri kwa bei yoyote.

Mwisho tia laini yako mwenyewe, zima Wi-Fi, ingia ndani kabisa ya duka, upige simu huku ukiangalia alama ya juu. Kwa iPhone 14 za Marekani na za baadaye utakwama mapema: hazina tundu la laini, ni eSIM tu, laini ya ndani ya simu inayowekwa na mtandao bila kadi. Kwa hiyo pita kwanza kwenye duka la mtandao wako uulize kama watakuwekea.