Kompyuta inayojizima na kujiwasha: nilivyomkamata mchawi

Kompyuta yetu ya nyumbani ni ya mezani, ya kuungaunga. Kasha lilitoka kwa mtu, madabodi, ule ubao mkuu ambao kila kitu huchomekwa, ni mtumba, na kadi ya grafiki mwanangu aliichangia mwenyewe kwa pesa zake za likizo. Mimi naitumia kuchapa mitihani ya darasa langu, yeye anachezea magemu na kukata video. Basi ikaingiwa na ugonjwa: inajizima ghafla, kisha inajiwasha yenyewe. Haigandi, haitoi onyo. Uko katikati ya swali la nne, skrini inakuwa nyeusi, feni inanyamaza kidogo tu, mara nembo ya Windows hiyo inarudi.

Kilichonichosha ni kwamba haikuwa na ratiba. Kuna siku inakaa kutwa nzima bila neno, kuna siku haifiki hata mwisho wa kuwaka. Kwa hiyo kila mtu nyumbani akawa na mtuhumiwa wake. Baba watoto alisema ni umeme wa mtaa wetu, mtoto akasema virusi. Fundi niliyempelekea kwanza hakuhitaji hata kuifungua.

"Mwalimu, hapa Windows imechoka. Tupige upya."

Mafundi wengi wanayo dawa hii moja kwa maradhi yote, na kusema kweli mara nyingi inafanya kazi, ndiyo maana haiwaishi. Lakini nilikataa. Ukipiga Windows upya unafuta kumbukumbu zote ambazo mashine imejiandikia, na kama ubovu uko kwenye chuma, unarudi uleule juu ya Windows mpya. Nikairudisha nyumbani.

Jambo la kwanza nililotaka kujua ni hili: ni Windows inayoanguka, au ni mashine inayokatika? Kwa macho vinafanana, lakini ni vitu viwili tofauti kabisa. Windows ikikutana na kosa kubwa, iwe la draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa) au la ramu (kumbukumbu ya muda ya mashine), hutoa skrini ya bluu yenye maelezo. Tatizo ni kwamba imepangwa kujiwasha upya yenyewe baada ya hapo, na ile bluu inaweza kupita kabla hujainua macho. Unaweza kuizuia. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda kwenye Advanced, fungua mipangilio ya Startup and Recovery, uondoe tiki kwenye Automatically restart. Kuanzia hapo, skrini ya bluu ikija inakaa palepale mpaka uisome.

Ikajizima tena jioni ileile. Bluu haikuonekana.

Nikaingia kwenye daftari la matukio la Windows, unalifungua kwa kuandika eventvwr.msc, halafu Windows Logs, halafu System. Huko nilikuta alama nyekundu zimepangana, zote zimeandikwa Kernel-Power, namba 41. Watu wengi wakiiona hiyo 41 wanadhani wameshapata jibu. Sivyo. 41 huandikwa baada ya mashine kuwaka, na inachosema ni kwamba mara ya mwisho haikuzimwa kwa utaratibu, basi. Cha kutazama kiko ndani yake, kwenye Details: mstari wa BugcheckCode. Kama Windows ilianguka yenyewe, kwa kawaida utakuta hapo namba ya kosa. Kwangu kila tukio lilikuwa na 0. Nikatazama na folda ya Minidump iliyo ndani ya C:\Windows, ambamo huachwa faili baada ya skrini ya bluu. Haikuwa na kitu.

Yaani Windows haikupata hata nafasi ya kuandika wosia. Mashine ilikatika ikiwa hai. Hapo virusi nikavifuta kwenye orodha, na ile hoja ya Windows kuchoka nayo ikakosa miguu. Wakabaki watuhumiwa wa chuma: umeme unaoingia ndani, joto, madabodi, na pawa saplai, yaani kile kikasha kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya mashine. Ramu nayo sikuiachia huru moja kwa moja, maana ikiharibika vibaya inaweza kuangusha mashine bila salamu.

Umeme wa mtaa nilianza nao kwa sababu ndio uliokuwa na mashabiki wengi. Friji letu likianza kunguruma taa za jikoni hufifia kidogo, kwa hiyo baba watoto alikuwa na hoja. Nikaazima UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika, kwa shemeji. Kama tatizo ni umeme kuyumba, mashine iliyo nyuma ya UPS yenye betri nzima haipaswi kujua kinachoendelea ukutani. Ikajizima hivyohivyo, taa ya kijani ya UPS ikiwaka vizuri na kengele yake haijalia. Mjadala wa umeme ukafungwa, ingawa baba watoto alichukua muda kukubali.

Nikahamia kwenye joto. Sisi tunakaa Tanga, na miezi ya Januari na Februari hata binadamu anataka feni. Nilipofungua ubavu wa kasha, vumbi lilikuwa limejikunja kati ya mapezi ya kipoozeo cha prosesa kama sufi ndani ya mto. Nikalitoa kwa brashi ya rangi ambayo haijatumika, feni nimeishika kwa kidole isizunguke. Nikafuta pesti kavu ya kupitishia joto iliyokuwa juu ya prosesa na kuweka mpya, kiasi cha punje ya choroko. Nikaweka programu ya HWiNFO, ambayo ni ya bure, inionyeshe nyuzi. Prosesa ikawa inacheza kati ya 45 na 70 hata mtoto akiwa kwenye gemu, na prosesa nyingi za aina hii hazijizimi kwa joto mpaka zikaribie 100. Mashine ikapoa, sauti ya feni ikapungua, na ugonjwa ukabaki palepale.

Ramu sikukaa nayo sana. Nilizichomoa, nikasugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, nikazirudisha, halafu nikawasha Memtest86+, programu ya kupima ramu, kutoka kwenye flashi nikaiacha usiku kucha. Asubuhi hakuna kosa hata moja. Kumbe kuna na cha ziada cha kujifunza hapo: mashine ilikesha inafanya kazi na haikukatika. Lakini Memtest haiigusi kadi ya grafiki, na kadi ya grafiki ndiyo mlaji mkubwa wa umeme ndani ya kasha letu.

Nikamwambia mwanangu awashe gemu lake lile zito, mimi nimekaa na kalamu. Mara gemu linapomaliza kupakia na picha kuanza kutembea, pu! Tukarudia, ikawa hivyohivyo. Mtoto akaanza kucheka, "Mama, sasa inakata kwa oda." Kwa hiyo mashine ilikuwa na ratiba muda wote: inakata pale mzigo unapopanda ghafla. Hata kwangu mimi ninayechapa tu, prosesa huruka kwa mpigo ninapofungua kivinjari chenye kurasa nyingi, na pawa saplai iliyochoka haihitaji kusukumwa sana.

Ni vizuri kujua kwa nini inajiwasha upya badala ya kufa moja kwa moja. Kwenye ile plagi kubwa ya pini 24 inayoingia kwenye madabodi kuna waya mmoja wa kijivu. Kupitia huo, pawa saplai huiambia madabodi kwamba volti zake ziko sawa. Volti zikitetereka, ishara ile inaondoka, na madabodi inasimamisha kila kitu papo hapo. Volti zikitulia, ishara inarudi, mashine inaanza upya. Yote hayo yanatokea chini ya Windows, ndiyo maana haikuwa na la kuandika.

Nikachukua multimita, nikaiweka kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Ncha nyeusi kwenye waya mweusi wa plagi ya pini nne iliyokuwa haina kazi, ncha nyekundu kwenye waya wa njano. Njano ni volti 12, na kiwango cha ATX, kinachofuatwa na pawa saplai za kompyuta za mezani, kinaruhusu ipungue au kuzidi kwa asilimia 5, yaani kati ya 11.4 na 12.6. Mashine ikiwa imetulia nilisoma 11.68. Mtoto akawasha gemu. Namba zikaanza kuteremka mbele ya macho yetu, 11.5, 11.41, 11.3, giza. Multimita ya kawaida huchelewa kusoma, kwa hiyo kushuka kwenyewe pengine kulikuwa kukubwa kuliko nilivyoona.

Sikununua kitu bado. Shemeji aliyenipa UPS akaniruhusu kuchomoa pawa saplai ya kompyuta yake kwa siku ya Jumapili. Tukaifunga kwenye yetu, mtoto akacheza mpaka adhana ya magharibi. Haikukata.

Ile mbovu niliipeleka kwa fundi wa redio na TV, siyo yule wa Windows, na niliipeleka ikiwa imefungwa. Kile kikasha usikifungue nyumbani: ndani mna kapasita kubwa, kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme, inayoweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata plagi ikiwa imechomolewa. Fundi akaiondoa chaji kwanza, kisha akanionyesha. Upande wa kutokea umeme, kapasita tatu zilizopangana zilikuwa zimevimba vichwa, na moja imetoa ukoko wa kahawia. "Hizi zimepikwa, dada," akasema. Kapasita za aina hii zina umajimaji ndani, na joto ndilo adui yake. Kila nyuzi 10 zinazoongezeka, maisha yake hupungua takriban nusu. Kwenye kasha lililojaa vumbi, Tanga, sikushangaa.

Alikuwa tayari kuzibadilisha, nami nilikuwa karibu kukubali. Kilichonizuia ni stika ya ubavuni. Mbele pameandikwa wati 500 kwa herufi kubwa, lakini kwenye jedwali dogo mstari wa volti 12 una ampea 18. Zidisha: ni wati 216. Hiyo haikuwa na uwezo wa kuibeba kadi ile hata siku ilipokuwa mpya. Dukani nikawa mteja msumbufu. Kila moja niliyoletewa nilisoma mstari wa volti 12 kabla ya kuuliza bei, na nikaipima uzito mkononi, maana za bandia huwa nyepesi mno. Niliyochukua imeandikwa wati 450 tu, lakini mstari wake wa 12 ni ampea 36.

Ile ya zamani fundi aliniomba achukue feni na nyaya, nikamwachia. Mpya inasoma 12.08 gemu likiwa limepamba moto. Kwenye daftari la matukio 41 imejitokeza tena mara moja, na BugcheckCode ni 0 vilevile, ila siku hiyo mtaa mzima ulikuwa gizani na UPS nilishairudisha kwa shemeji.