Mapato ya Mwaka

Fomu ya mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya Kenya inayokopesha wanafunzi wa vyuo vikuu, ilikuwa na maswali mengi, lakini lililotukesha mimi na mamangu lilikuwa moja: mapato ya mzazi kwa mwaka.

Ilikuwa 2008, nyumbani kwetu Likoni, Mombasa. Nilifanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, 2006, na siku hizo hata ukipata pointi za kuchukuliwa na serikali ulikaa karibu miaka miwili ukingoja zamu yako. Wenzangu kadhaa waliolewa barua zao hazijafika. Yangu ilifika: Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, mji ambao sisi tuliujua kwa wanariadha tu. Wasichana walikuwa wakiingizwa kwa pointi pungufu kidogo kuliko wavulana, na kijana mmoja wa mtaani hakuchoka kunikumbusha hilo. Sikuona haya. Yeye hakuwahi kuamka saa kumi alfajiri kuchoma mahamri kabla ya kwenda shule.

Usiku ule mama alikuwa akikanda unga wa kesho, mimi nimejilaza mkekani na kalamu. Kwenye kazi ya mzazi niliandika "biashara ndogo". Kisha nikamsomea lile swali.

"Kwa mwaka?" Akacheka. "Mie najua ya leo. Ya jana nishaisahau."

Tukaanza kuhesabu. Mahamri 120 kwa siku, shilingi 5 moja. Toa unga, mafuta, nazi, iliki, makaa. Siku njema ilibaki 180. Na siku za mvua? Na Ramadhani, asubuhi atanunua nani? Na ile wiki aliyolala na homa? Tulibishana mpaka tukakubaliana siku 25 kwa mwezi. Nikazidisha, nikarudia kwa kuogopa kukosea. Ikatoka 54,000.

Mama aliacha kukanda.

"Hamsini na nne elfu? Ziko wapi?"

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyezila. Na kweli nilizila: karo, sare, vitabu, nauli. Alinyamaza kwa muda, vidole vimeganda kwenye unga, halafu akasema, "Andika hamsini. Wasije wakadhani tuna pesa." Nikamwambia fomu hii inaliwa kiapo mbele ya wakili. Basi tukaiacha kama ilivyo. Sikumwambia kwamba mkopo wenyewe kwa mwaka ungeweza kuzidi jasho lake lote.

Mama alikuwa mdhamini wa kwanza. Wa pili alipaswa kuwa ami, kwa kuwa baba alishatangulia mbele ya haki, na ami ndiye pekee kwetu aliyekuwa na mshahara. Nilimwendea asubuhi yake, nikambusu mkono, nikampa fomu. Aliisoma yote, jambo ambalo mimi mwenyewe sikulifanya. Akakwama kwenye riba.

"Asilimia nne," akasema. "Unajua hii ni nini?"

Nilijua. Nilikuwa nimeshawauliza masheikh wawili na kupata majibu mawili. Sikuwa na cha kujibu, nikaangalia miguu yangu. Akanirudishia fomu, nami nikaenda zangu.

Siku ya tatu alikuja mwenyewe baada ya Alfajiri, kitambulisho mkononi, hata chai hakutaka. "Namdhamini mtu," akasema, "sidhamini riba. Hiyo utajibu wewe na Mola wako." Akatia sahihi polepole, herufi moja moja. Mpaka leo sijui kama hoja yake ingekubaliwa na sheikh yeyote, nami sikumuuliza.

Mhuri wa chifu nilikuwa nao. Nikavuka feri, fomu ndani ya mfuko wa plastiki nimeikumbatia kifuani. Wakili mjini alifungua ukurasa wa mapato, akaona doa la mafuta juu ya ile 54,000, akaligusa kwa kidole.

"Hii ni nini?"

"Mahamri," nikasema.

Akagonga mhuri kando yake.