Siku moja maishani mwangu: Kaiso, ndege asubuhi, visukuku jioni

Saa kumi na moja alfajiri. Naamka Hoima mjini, magharibi mwa Uganda. Kazi yangu ni kuwaongoza watazamaji wa ndege, na Januari ndiyo msimu wetu: Ulaya kumeganda, ndege wa huko wamekimbilia Ziwa Albert. Leo nina mzee mmoja Mwingereza anayependa ndege na visukuku (mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe) sawasawa. Dereva kachelewa, kama kawaida yake.

Saa moja. Tumeteremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Kaiso, mwalo wa wavuvi ufukweni mwa Ziwa Albert. Lami tupu siku hizi, mafuta ya petroli yameleta neema yake. Mashua zilizovua usiku kwa taa zinaingia, akina mama wanaanika muziri, visamaki vidogo vya ziwa hili. Kiswahili ndicho kinachosikika hapa, nusu ya watu wana ndugu ng'ambo, Kongo.

Vitwitwi wanakimbia pembezoni mwa maji, mkia hautulii. Mzee anawapita, anawataka buabua mabawa-meupe, ndege wa majini wanaohama. Mwezi huu ni kazi kuwatambua, maana ule weusi wao wa kuzalia umetoka, wamebaki kijivu na weupe. Namwambia atazame nyuma ya jicho: kuna doa jeusi lililoshuka kama kisikilizio cha simu. Ikifika Aprili wanaanza kuwa weusi tena, halafu wanaondoka.

Saa nne. Chai, chapati. Jua kali.

Saa sita mpaka saa tisa, kivulini. Mzee anasimulia Lyme Regis kwao, pwani ya kusini mwa Uingereza, ambako dhoruba za majira ya baridi hubomoa majabali na watu huenda kuokota amoniti, visukuku vya viumbe wa baharini wenye gamba lililojiviringa. Kwetu kazi hiyo hufanywa na mvua, ikichimba makorongo.

Saa kumi. Wengi hutafuta visukuku mchana, nami naona ni kujitesa bure. Jua likilala, kila kijiwe kinatoa kivuli na jicho linapumzika. Tabaka hizi za mawe ya Kaiso E. J. Wayland, mkuu wa kwanza wa idara ya jiolojia ya Uganda, alizifanya zijulikane miaka ya 1920: zina visukuku vya viboko, mamba, tembo, na konokono wa majini ambao hawapo tena.

Katika mwamba mwekundu wenye chuma naona kitu cha mviringo, kimebonyea pande zote mbili, kina duara ndani ya duara. Pingili ya uti wa mgongo wa samaki. Mama mmoja aliyebeba kuni anasimama.

"Kaka, huyo si mputa?"

Mputa ndiye sangara. Inawezekana kabisa, mifupa ya jamaa zake imepatikana humu.

Mzee anataka kuitia mfukoni. Namzuia kwa adabu: "Samahani mzee, sheria yetu hairuhusu." Ananuna kidogo. Napiga picha, sarafu ikiwa kando ya pingili kuonyesha ukubwa, nahifadhi mahali kwenye simu ili niwapelekee watu wa Makumbusho ya Uganda, Kampala.

Saa kumi na mbili. Tunapanda ukingo. Nimenunua muziri, mzee analalamikia harufu ndani ya gari. Dereva anafungua madirisha yote.