Kwa Basi Kuvuka Mto Drina

Kabla basi la Sarajevo halijamaliza viunga vya Belgrade, mama aliyekaa mbele yangu alishaanza kuimba chinichini, akifuatisha redio ya dereva. Ilikuwa Bijelo Dugme, bendi ya roki iliyoanzia Sarajevo mwaka 1974. Nikamwambia nimetoka Tanzania na jana yake nimekwenda Hajdučka Česma, kule msituni Košutnjak, bendi hiyo ilikopiga bure tarehe 28 Agosti 1977 mbele ya umati unaokadiriwa kati ya watu 70,000 na 100,000. Akageuka mwili mzima. “Kaka yangu alikuwepo!” Kuanzia hapo sikulala tena.

Drina zamani ulikuwa mto tu ndani ya Yugoslavia, leo ni mpaka wa Serbia na Bosnia. Wenzangu walitoa vitambulisho, wakarudishiwa. Pasipoti yangu ikapekuliwa ukurasa kwa ukurasa, hata zile tupu, basi zima likinisubiri. “Enzi zetu ungepita hapa unakoroma,” mama akanichekea. Nikamuuliza kama angependa Yugoslavia irudi. Akakunja uso: nchi ibaki ilikolala, yeye anachokitaka ni kuwa tena na umri wa miaka ishirini.

Nilimwelewa, ila nyimbo hizi nazisikiliza kwa tahadhari. Hazikukumbushi Goli Otok, kisiwa walikofungwa waliotuhumiwa kumpinga Tito, mtawala wa Yugoslavia. Na mwaka 1986, Goran Bregović, kiongozi wa Bijelo Dugme, na wenzake walipotoa albamu ya kuiambia Yugoslavia iteme mate na kuimba, Tito alishakufa miaka sita nyuma na jamhuri zilikuwa zinavutana. Kwangu mimi ile ni sauti ya mtu anayembembeleza mgonjwa ale. Mwaka 1992 Sarajevo ikazingirwa. Kuta za baadhi ya nyumba bado zina matundu.

Jioni niliingia mkahawa wenye jina la Tito, karibu na makumbusho ya historia. Nje magari ya kijeshi, ndani picha za Marshal Tito kila ukuta. Meza ya jirani vijana waliozaliwa baada ya vita waliimba Azra, bendi ya Zagreb, bila kukosea neno. Mhudumu, kijana kama wao, aliniambia yeye nyumbani husikiliza rap. Hizi anaziweka kwa sababu wateja wakishaanza kuimba, bia haziishi kuagizwa.