Nyekundu mkono wa kushoto

Waya wenyewe ulikuwa mabaki. Nilikuwa nimemaliza kazi ya nyumba moja Makorora, mjini Tanga, mwenye nyumba akaniachia kipande cha roli: ule waya mgumu wa milimita 1.5, wenye uzi mmoja mnene wa shaba ndani, tunaoupitisha kwenye mabomba ya ukutani. Basi Mjomba alipokuja na habari kwamba kapata mashine ya farasi 15 na sasa anataka mashua yake iwe na taa kama za wenzake, niliona riziki imenifuata mlangoni. Ilikuwa mwaka 2009, kaskazi inavuma. Nilikuwa na miaka miwili tu kwenye ufundi umeme, na fundi wa miaka miwili hana asichokijua.

Mjomba alinieleza mara moja, pale Deep Sea, pwani ya wavuvi, akitengua mshipi uliojifunga. Taa tatu. Nyeupe juu ya mti huku tezi, nyuma ya mashua, ionekane pande zote. Nyekundu mkono wa kushoto, kijani mkono wa kulia. Nikamwambia, "Mjomba, hiyo kazi ya nusu siku."

Nilikwenda Ngamiani nikanunua balbu tatu za gari, swichi mbili na tepu nyeusi. Vioo vya rangi Mjomba alikuwa navyo, alivitoa kwenye boti iliyokwisha oza. Betri ilikuwa N70 ya lori, akaichongea sanduku chini ya kikalio cha katikati. Mbao za kukinga taa za ubavuni alizikata yeye mwenyewe, ili nyekundu isivuje upande wa kijani wala kijani isivuje upande wa nyekundu. Fyuzi sikununua. Niliona swichi inatosha.

Nikakaa juu ya kile kikalio, miguu huku na huku ya sanduku la betri, uso nimeuelekeza tezi kwa sababu jua la asubuhi lilikuwa linanipiga kutoka omo, upande wa mbele. Nikafanya kazi safi. Nyumbani waya hufichwa, basi na mimi nikaficha: nikaupitisha chini kabisa, ukafuata mataruma, zile mbavu za mashua, ukalala karibu na mkuku pale ngamani, chini kabisa maji yanapojikusanya, usionekane na mtu. Palipohitaji kuunga nilisokota shaba kwa koleo, nikazungusha tepu mara nne. Nyekundu nikaipeleka mkono wa kushoto. Kijani mkono wa kulia.

Magharibi ilipoingia tuliwasha. Watu wakajaa. Mjomba alishuka, akasimama mchangani mbele ya omo, akaitazama mashua yake usoni, akanyoosha kidole. "Nyekundu kushoto. Kijani kulia. Ahsante, mwanangu." Mkaza mjomba aliyekuwa amekuja na sinia la mhogo akapiga kigelegele. Sijapata kusifiwa vile kwa kazi ya nyumba.

Usiku ule ule tulitoka, Mjomba, mimi na kijana mmoja wa Mwambani, kwenda kuvua changu nje ya kisiwa cha Ulenge. Nilitaka kuzionea raha taa zangu. Tulitia nanga, tukazima zile za ubavuni tukabakiza nyeupe, tukatupa mishipi. Uvuvi wenyewe haukuwa na la kusimulia.

Saa kumi alfajiri tulianza kurudi. Kabla ya gati la Tanga kuchimbwa kina, meli kubwa zilitia nanga katikati ya ghuba, na shehena ikiletwa pwani kwa matishari yanayovutwa na tagi, boti yenye nguvu ya kukokota. Usiku ule kulikuwa na meli. Tagi ilikuwa inatoka gatini na tishari nyuma yake, na sisi tulikuwa mkono wake wa kulia, tunakata mbele yake kwenda kushoto. Mjomba hakuwa na wasiwasi. Anayekuona mkono wake wa kulia na taa yako nyekundu inamwangalia, yeye ndiye anayekupisha. Alitazamia tagi igeukie kulia kidogo ipite nyuma yetu.

Tagi ikageuka kushoto.

Mjomba akapunguza mashine. Tagi ikazidi kushoto, ikaja palepale tulipokuwa tunakwenda. Halafu honi: fupi, fupi, fupi, fupi, fupi. Hata asiyejua sheria za baharini anaelewa kuwa mtu apigaye honi tano za harakaharaka hasalimii. Mjomba alirudisha mashine nyuma kwa nguvu, mimi nikaangukia kapu la samaki, na kurunzi ya tagi ikatumulika mpaka nikaona magamba kwenye viganja vyangu. Ikapita. Kamba ya tishari ikapita. Tishari lenyewe likapita, jeusi kama ukuta wa ghala, na mawimbi yake yakatutupa kama ganda la nazi.

Kutoka juu kule sauti ikauliza, kwa upole uliotia aibu kuliko matusi: "Nyie, mnakwenda mbele au mnarudi kinyumenyume?"

Mjomba alinyamaza. Akaniachia usukani, akaenda omo akiinama, akachungulia kila upande wa zile mbao zake. Kule tezi alikokaa, mbao zilimficha taa zenyewe, na ile nyeupe juu ya kichwa chake ilikuwa inamtia kiwi. Akarudi. "Ulipofunga," akasema, "ulikuwa umeangalia wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kushoto kulikuwa kushoto kwangu, mtu aliyekaa kinyume na safari. Naye alipoikagua akiwa mchangani, uso kwa uso na omo, kushoto kwake kukawa kushoto kwangu. Tukakubaliana wawili katika kosa moja. Tagi iliona kijani mahali pa nyekundu, ikahesabu tunakwenda kulia kwake, ikajitahidi kutupisha kwa nyuma. Nahodha wake alifanya sawasawa kabisa.

"Taa za nyumba ni za wewe kuona," Mjomba alisema. "Hizi ni za wewe kuonwa. Vibadili hivyo vioo." Nikavibadili palepale, tochi mdomoni, mikono inatetemeka. Havikuchukua dakika tano.

Lakini nilipovua kile kioo cha kwanza niliona balbu imefifia. Wiki iliyofuata, bamvua ilipoikalisha mashua mchangani, nilikuja na mita: betrini volti 12.3, kwenye taa za omo volti 10.6. Nikafungua tepu. Ndani, shaba ilikuwa imeshaota kutu ya kijani, na maungio mawili yalikuwa majini. Mjomba akacheka kwa mara ya kwanza tangu usiku ule. "Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Na maji ndivyo hivyo hivyo. Wewe ukaenda kuyasubiri huko huko."

Nikang'oa vyote. Safari hii nilinunua waya laini wa nyuzinyuzi, milimita 2.5, maana ule mgumu ungekatika ndani kwa ndani kwa mtikisiko wa mashine. Nikaupitisha juu, chini ya ukingo, uonekane na kila mtu. Kila ungio nikalichomea risasi na kulipaka grisi, na kabla ya kuingia kwenye taa waya nikauachia kitanzi kinachoning'inia, tone lidondokee pale lisifuate waya ndani. Fyuzi ya ampia 10 nikaiweka kwenye chanya, shubiri moja kutoka betrini. Nilifanya yote nimeelekea omo, jua likinichoma macho, na Mjomba amekaa tezi ananitazama bila kusema kitu.

Malipo yangu yalikuwa changu wanne. Mmoja Mjomba alimkata kwenye malipo, hakusema kwa nini.

Ule waya wa Makorora mkaza mjomba aliutaka, akaufunga uani kutoka kwenye mpapai hadi nguzo ya jiko. Nilipohama Tanga miaka mitano baadaye bado aliuanikia khanga.