Dakika 12 za Ngamiani

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, saa nne kuelekea saa tano asubuhi, nilikuwa nimekaa kwenye mkeka barazani kwetu Makorora, Tanga, nacheza gemu la mpira wa miguu, simu ikinyonya chaji kwa waya uliopitishwa dirishani. Nilikuwa nimefungwa 2 kwa 1. Ilikuwa dakika ya 78 na mpinzani wangu amepata kona. Mchezaji wake amesimama pembeni ya kibendera, mabeki wangu wanasukumana na washambuliaji wake ndani ya boksi, ghafla wote wakaganda. Duara la kusubiri likazunguka katikati ya kioo, likazunguka tena, kisha yakatokea maandishi kwamba mwenzangu ametoka. Mechi ikavunjika.

Ilikuwa mechi ya mwisho ya ligi. Tulikuwa watu 16, wengi wa hapahapa Tanga mjini, mmoja Muheza na mwingine Pangani, tukicheza eFootball kwenye simu, gemu ambalo wakubwa kati yetu tulilizoea tangu linaitwa PES, kabla halijabadilishwa jina mwaka 2021. Kila mtu alitoa shilingi 5,000, na elfu themanini yote ilikuwa ya bingwa. Mimi niliongoza kwa pointi mbili. Nikitoka sare, ubingwa wangu. Nikifungwa, unakwenda kwa mpinzani wangu wa siku ile, kinyozi mwenye saluni barabara ya 12, Ngamiani.

Ligi yetu ilikuwa na kanuni inayosema: mtandao wako ukikatika mechi ikiendelea, umefungwa 3 bila, na hakuna kisingizio. Kanuni hiyo niliiandika mimi.

Niliiandika kwa uchungu. Mwezi Februari nilicheza na kijana mmoja wa Chumbageni, nikamfunga bao la pili, na kabla hata marudio ya bao hayajaonyeshwa, akapotea. Akatuma ujumbe: bando limeisha. Tukarudia mechi usiku wake, akanifunga bao 1 kwa kona. Baadaye nikagundua kwamba bando la kijana yule huisha kila anapofungwa bao la pili. Watatu wengine walikuwa na kisa kama changu. Anayezima data makusudi ana alama yake: anakatika palepale mpira unapogusa wavu, mchezo ulikuwa laini kabisa sekunde moja nyuma. Mtandao mbovu haufanyi hivyo. Huo unatoa taarifa mapema. Unabonyeza pasi, mguu unachelewa kuinuka. Beki anateleza kama amekanyaga mafuta. Mpira unaondoka hapa unaonekana kule, katikati hujauona. Yote hayo nilikuwa nayajua vizuri, lakini nilipopeleka hoja kwa mwenyekiti wa kundi nilikataa kuyaweka ndani ya kanuni. Nilisema tukianza kuchunguza nani kakatika kwa bahati mbaya na nani kazima, hatutamaliza ligi. Ikapigwa kura, 13 wakakubali.

Sasa ile Jumapili, mchezo ulianza kuteleza tangu mapumziko. Niliona. Pasi zangu zilichelewa, zake vilevile. Na tena, nani anazima data akiwa anaongoza 2 kwa 1, ana kona, amebakiza dakika 12 awe bingwa? Kinyozi yule niliwahi kumfunga 6 bila msimu uliopita, akakaa hadi kipenga cha mwisho, kisha akaniandikia, "Leo umenionea, mgosi. Hongera."

Nilipiga picha ya kioo na kuituma kundini. Nikaandika: kanuni. Neno hilo moja tu.

Ujumbe ulikaa na alama moja ya tiki kwa muda mrefu, kisha ukapita. Mwenyekiti akajibu kwamba bingwa amepatikana. Baada ya hapo mtandao wangu nao ukafa. Nilizima simu nikaiwasha, nikaiweka katika hali ya ndege nikaitoa, wapi. Saa sita mchana ikaingia meseji ya kawaida, ile isiyohitaji intaneti: nimepokea shilingi 80,000. Data ilikuwa imekufa mji mzima, lakini menyu za nyota na reli za kutumia pesa zilikuwa zinafanya kazi kama kawaida, kwa sababu zenyewe hazipandi intaneti.

Jioni redio ikasema nyaya mbili za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari zimekatika huko upande wa Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi, na Kenya, Uganda, Rwanda, Msumbiji na Malawi nazo ziliguswa. Nilisikiliza nikiwa nimesimama mlangoni. Mimi ni mtoto wa pwani, nimeogelea Raskazone tangu sijui kusoma, na sikuwahi kufikiri kwamba kona ya mtu wa Ngamiani inapita chini ya bahari ileile. Ila nakumbuka kilichofuata kichwani mwangu, na ndicho kilichonitesa zaidi baadaye. Nilijiambia: kanuni haikusema waya wa nani.

Jumatatu nilikwenda soko la samaki, nikanunua changu wawili wazuri, mchele na nazi. Elfu kumi na tano ikaondoka. Mama alipika. Baada ya kula alinawa mikono, akaniangalia kwa furaha, akasema, "Alhamdulillahi. Mungu akuzidishie katika haki yako, mwanangu." Mama hasemi dua kwa mazoea. Akiomba, anaomba kile anachokitaja. Nilitoka nje nikakaa juu ya baiskeli yangu bila kwenda popote.

Jumanne baada ya alasiri nilikwenda saluni. Siku mbili nilikuwa nazunguka kukwepa barabara ya 12, na Ngamiani ilivyopangwa kwa namba, ukikwepa barabara moja unajua vizuri unakwepa nini. Nilimkuta amemlaza mzee mmoja kwenye kiti, povu limemjaa kidevuni. Nikamwamkia mzee, "Shikamoo." Akaitika, "Marahaba," bila kufungua macho. Kinyozi akageuka, akatabasamu.

"Mgosi! Ile mechi tunaimaliza lini? Mimi nilikuwa na kona."

Alikuwa hajui. Laini aliyotumia ilikuwa haijarudi tangu Jumapili, kundi hajaliona. Kwa siku mbili yeye alikuwa anaishi katika mechi ambayo haijaisha, anaongoza, ana kona, na mimi nilikuwa nimeshakula samaki.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, pamoja na pesa. Hakukasirika, na ningependa angekasirika. Alifuta wembe kwenye kitambaa, akarudi kwenye kidevu cha mzee, akanyoa upande mzima kimya. Kisha akasema, "Kanuni si tulipiga kura? Mimi mwenyewe nilinyoosha mkono. Basi, kaka."

Ni yule mzee aliyefungua macho. Mzee huyo ni mtu wa mpira kuliko sisi sote. Mwaka 1988 Coastal Union ilipochukua ubingwa wa nchi alikuwa kijana, na msimu ule wa 2024, Wagosi wa Kaya haohao wa Coastal wakielekea kumaliza nafasi ya 4, hakuna aliyemkuta akizungumza jambo lingine. Lakini Ulaya yeye ni wa Arsenal. Akasema, "Mnamkumbuka Kanu? Siku yake ya kwanza Arsenal?"

Hatukuikumbuka. Ilikuwa Februari 1999, Kombe la FA, Arsenal na Sheffield United, 1 kwa 1. Mchezaji wa Sheffield ameumia, kipa wao akautoa mpira nje ili atibiwe. Parlour wa Arsenal akaurusha kuurudisha kwa wenyewe, kama ilivyo ada. Kanu, mgeni uwanjani, akadhani ni mpira wa kawaida, akaukimbilia, akampa Overmars, Overmars akafunga. Mwamuzi akalikubali bao, maana sheria haikuvunjwa. Mechi ikaisha 2 kwa 1.

"Sheria haikuvunjwa," mzee alirudia, povu likimdondokea shingoni. "Wenger, kocha wa Arsenal, angeweza kuondoka na ushindi wake. Akasema hapana, tunarudia mechi. Na ikarudiwa siku kumi baadaye."

Nikamuuliza ikawaje.

"Arsenal wakashinda tena, 2 kwa 1. Lakini hilo halikuwa na uhakika wakati anasema turudie."

Usiku ule mtandao ulianza kurudi kwa kubahatisha, nikaandika kundini kwamba naomba mechi irudiwe. Sikutegemea upinzani, na ulikuja mkali. Wa kwanza kuandika alikuwa kijana wa Chumbageni: na zake zirudiwe basi, zote. Fundi simu wa Mabawa akasema kanuni ikivunjwa kwa mtu mmoja imekufa, na alikuwa na hoja, sikuwa na la kumjibu. Wengine wakasema kinyozi ana marafiki. Mabishano yalikwenda hadi saa sita usiku. Mwenyekiti aliyamaliza kwa sauti aliyorekodi, nadhani ni maneno ya busara kuliko yote niliyosikia katika ligi ile: "Kanuni imempa pointi. Haijamlazimisha kuzila. Akitaka kuzirudisha, ni zake, azirudishe. Wewe wa Chumbageni, walionufaika na mechi zako waulize mmoja mmoja kama wanataka kurudisha." Hakuna aliyetaka.

Ijumaa tarehe 17, baada ya sala ya magharibi, tulikutana saluni. Mwenyekiti alikuja na baiskeli kutoka Sahare. Mzee alikuwepo, na watu kama kumi wamejaza mlango. Kurudia mechi nzima kinyozi alikataa. Alisema yeye alishacheza dakika 78 na hana deni nazo. Anataka 12 zake.

Gemu hilo halikubali kuanzia katikati. Kwa hiyo tuliijenga upya. Tukafungua mechi mpya, nikawatoa mabeki wangu njiani, akapita akafunga. Nikaanzisha mpira, nikawatoa tena, akafunga la pili. Yeye akasimamisha watu wake, nikafunga langu. 2 kwa 1. Kisha tukaanza kupigiana pasi za nyuma, mabeki kwa mabeki, tukisubiri saa ya mchezo isogee. Hakuna aliyecheka. Ungedhani watu wale watapiga kelele, lakini walikaa kimya wakitazama mpira ukienda kushoto na kulia bila sababu, kama watu wanaosubiri maji yajae ngalawa ielee. Mimi na yeye tumekaa benchi moja, mabega yanagusana, na hata mara moja hakuna aliyejaribu kuiba. Ingekuwa rahisi sana. Kuna wakati kipa wangu alikuwa mbali na goli lake, mpira uko mguuni kwa mshambuliaji wake, akaurudisha nyuma.

Dakika ya 77 niliuchukua mpira, nikaupiga nje kupitia mstari wa goli langu mwenyewe. Kona.

"Asante, kaka," akasema kinyozi, taratibu, bila kuinua macho.

Mwenyekiti akasema, "Sasa."

Sijawahi kucheza dakika 12 kama zile. Kona yake niliiokoa kwa kichwa. Dakika ya 83 alinikosakosa ana kwa ana na kipa. Dakika ya 89 winga wangu aliingia kutoka kulia, nikapiga shuti la chini, kipa wake ameshalala, nikainuka kwenye benchi kabla ya wakati. Mpira ukagonga mlingoti na kurudi uwanjani. Kipenga kikalia, 2 kwa 1. Kinyozi alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Palepale nikamtumia pesa, lakini zilikuwa 65,000. Nikamwambia zilizobaki mwisho wa mwezi. Akasema hana haraka.

Nyumbani nilimkuta mama anapepeta mchele wa kesho. Nikamweleza wale changu walitoka wapi. Alisikiliza mpaka mwisho, ungo umetulia mapajani.

"Mwenyewe umemlipa?"

"Bado elfu kumi na tano, mama."

Akaweka ungo chini, akafungua fundo la pindo la kanga yake, akahesabu noti moja moja kwenye kiganja changu. Nilitaka kukataa.

"Na mimi nilikula," akasema. "Mpelekee sasa hivi, kabla hajafunga."

Nikapanda baiskeli nikarudi Ngamiani.